Vijiti Vitatu Havitoshi: Kanuni ya Pande za Pembetatu Katika Mtihani

Pembetatu ina pande mbili zilizo sawa. Upande wake mmoja ni sentimita 4 na mwingine ni sentimita 9. Mzingo wake ni sentimita ngapi?

Swali kama hili huonekana la bure. Mwanafunzi wa sekondari mjini Machakos, au kule Kathiani na Kangundo, huenda akalijibu hata kabla hajakaa vizuri: 4 na 4 na 9, jumla 17. Mwenzake atasema 9 na 9 na 4, jumla 22. Wa tatu, aliye mwangalifu kidogo, ataandika majibu yote mawili akiamini kwamba swali limeacha mlango wazi. Jibu ni 22 peke yake. Pembetatu ya 4, 4 na 9 haipo duniani, na anayetaka kuhakikisha na achukue rula na kompasi ajaribu kuichora. Atachora mstari wa sentimita 9, atapiga tao la sentimita 4 kutoka kila ncha, na matao hayo yatabaki yakitazamana kwa mbali bila kukutana.

Kanuni inayoiharamisha pembetatu hiyo ni fupi mno. Ukijumlisha pande zozote mbili za pembetatu, jumla hiyo lazima iuzidi upande wa tatu. Si ilingane nao, iuzidi. Kwa hiyo 4, 5 na 9 nazo hazifai: 4 na 5 zikijumlishwa zinaifikia 9 barabara, vijiti viwili vinalala chali juu ya kile kirefu, na kinachoonekana ni mstari mmoja. Mtahini anayetaka kujua nani ameielewa kanuni na nani ameikariri tu huweka mtego wake papo hapo, kwenye usawa.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Euclid, aliyefundisha Alexandria huko Misri takriban miaka 300 kabla ya Kristo, aliiweka nambari 20 katika kitabu cha kwanza cha Elements, akaithibitisha hatua kwa hatua. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5, anasimulia kwamba wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus waliicheka. Kwa nini mtu ajisumbue kuthibitisha jambo ambalo hata punda analijua? Punda akisimama kwenye ncha moja ya upande, majani yakawekwa ncha ya pili, atakwenda moja kwa moja. Hatazunguka kwa kufuata pande mbili zilizosalia. Ukambani, ambako punda ndiye mbeba mitungi ya maji kutoka mtoni, hoja hiyo haina wa kuipinga. Proclus naye alijibu kwamba kuona jambo kuwa ni kweli si sawa na kujua kwa nini ni kweli. Jibu zuri. Lakini kwa mtahiniwa kuna jambo la tatu, gumu kuliko hayo mawili: kuikumbuka kanuni wakati swali halikuitaja.

Hapo ndipo penye shida yote. Katika masomo ya sekondari kanuni hii haipewi sura nzima ya kitabu. Hutajwa kwa sentensi moja au mbili wakati wa michoro ya jometri, darasa likaendelea na mengine. Miezi au miaka baadaye inarudi imejificha ndani ya maswali ya mzingo, ya milinganyo, ya eneo, ya kanuni ya kosini, na hakuna anayempa mwanafunzi ishara. Ushauri wa kwanza basi ni wa mazoea zaidi kuliko wa hesabu: kila swali linapoleta urefu wa pande tatu, au mbili na moja isiyojulikana, mwanafunzi na aulize kwanza kama pembetatu hiyo inaweza kuwepo. Kukokotoa kuje baadaye.

Kuuliza huko hakuhitaji kujumlisha mara tatu. Pande zikiwa zinajulikana zote, inatosha kuzijumlisha zile mbili fupi na kuilinganisha jumla na ule mrefu. Upande mrefu ukiongezewa chochote ni lazima uuzidi kila mmoja wa wenzake, kwa hiyo masharti mengine mawili yanatimia yenyewe. Ukipewa 6, 11 na 8, kazi yote ni kuona kwamba 6 na 8 ni 14, na 14 inaizidi 11. Sekunde tatu.

Mambo hubadilika upande mmoja usipojulikana, kwa sababu haujulikani kama ndio mrefu au mfupi. Chukua pembetatu yenye pande za sentimita 7 na 11, na swali linauliza upande wa tatu unaweza kuwa na urefu gani. Wanafunzi wengi hukumbuka mpaka wa juu: hauwezi kufika 18, yaani 7 na 11. Wanaosahau mpaka wa chini ni wengi vilevile. Upande wa tatu ukiwa sentimita 3, basi 3 na 7 ni 10, na haziifikii 11. Lazima uizidi 4, ambayo ni tofauti ya 11 na 7. Upande wa tatu basi hukaa katikati: unaizidi tofauti ya pande mbili, nayo jumla yake inauzidi. Hapa ni kati ya 4 na 18, bila kuzigusa zenyewe.

Swali likiendelea na kutaka idadi ya urefu unaowezekana kwa namba kamili, jibu ni 13, kuanzia 5 hadi 17. Wapo watakaotoa 5 kwenye 17 wapate 12, wakisahau kuihesabu ile ya kuanzia. Wapo pia watakaozihesabu 4 na 18 zenyewe wapate 15. Makosa yote mawili hayana uhusiano na jometri, ila alama zinapotea vilevile. Dawa ni kuandika ya kwanza na ya mwisho kwa kalamu, kutoa, kisha kuongeza 1.

Herufi zikiingia, mtego unakuwa mpana zaidi. Tuseme pande ni 2x + 1, x + 5 na 15, na swali linataka thamani za x. Mwanafunzi mwenye haraka ataona 15 ni namba kubwa, atajumlisha zile mbili zenye herufi, apate 3x + 6 inayotakiwa kuizidi 15, na ahitimishe kwamba x inaizidi 3. Ameshika nusu ya jibu. Kadiri x inavyokua, 2x + 1 inakua upesi kuliko wenzake, na hatimaye ndiyo inayokuwa upande mrefu. Inabidi kuandika pia kwamba x + 5 na 15 kwa pamoja ziizidi 2x + 1, na kutoka hapo x isifike 19. Sharti la tatu, 2x + 1 na 15 kuizidi x + 5, linatimia lenyewe kwa x yoyote chanya. Jibu kamili: x iko kati ya 3 na 19. Anayetaka uhakika ajaribu mipaka yenyewe. Kwa 3, pande ni 7, 8 na 15, na 7 na 8 ni 15, pembetatu imelala. Kwa 19, pande ni 39, 24 na 15, imelala tena. Mipaka ikitoa pembetatu zilizolala, hesabu imekwenda sawa. Ni njia ya haraka ya kujikagua ambayo haifundishwi vya kutosha.

Kuna aina nyingine ya swali ambamo kanuni haiamui mipaka bali inaondoa jibu moja kati ya mawili. Pembetatu ina kitako cha sentimita 10, na pande zake mbili zilizobaki ni sawa: mmoja umeandikwa x kipeo cha pili, mwingine 5x − 6. Kuzilinganisha kunaleta mlinganyo wa kipeo cha pili unaotatulika kwa urahisi, na x ni 2 au 3. Majibu yote mawili ni chanya, yote mawili yanatoa urefu unaoingia akilini. Mwanafunzi amezoea kutupa jibu lenye alama ya kutoa, na hapa halipo, basi anayaacha yote. Lakini x ikiwa 2, pande ni 4, 4 na 10. Haiwezekani. Inabaki 3, yenye pande 9, 9 na 10, na mzingo wa sentimita 28.

Katika swali la namna hiyo ni busara kuandika sababu ya kulitupa lile jingine, hata kwa mstari mmoja: 4 + 4 ni ndogo kuliko 10. Wasahihishaji wa mtihani wa sekondari wa KCSE hutoa alama za mbinu kando na alama za jibu, na mawazo yaliyobaki kichwani hayana wa kuyasahihisha. Muda nao upo. Kila karatasi ya Hisabati ya KCSE ina alama 100 kwa saa mbili na nusu: maswali 16 ya lazima katika sehemu ya kwanza yenye alama 50, na matano ya kuchagua kati ya manane katika sehemu ya pili yenye alama 50 nyingine. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa alama moja. Swali la alama 3 lina dakika nne na nusu, na mstari huo mmoja haumalizi hata robo dakika.

Masomo ya sekondari huleta pia kanuni ya Heron ya kutafuta eneo kwa kutumia pande tatu pekee: unachukua nusu ya mzingo, unaizidisha kwa tofauti yake na kila upande, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Ni kanuni inayopendwa kwa kuwa haihitaji pembe wala kimo. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba ina mlinzi wake ndani. Mpe pande 5, 7 na 13. Nusu ya mzingo ni 12.5, na 12.5 ukitoa 13 unabaki na −0.5. Tofauti nyingine mbili ni chanya, hivyo kuzidisha kote kunatoa namba hasi, na kikokotoo kikiulizwa kipeuo chake kinakataa na kuandika kosa. Mwanafunzi hudhani amebonyeza vibaya, anarudia, kikokotoo kinakataa tena. Kumbe kimesema kweli. Pande 6, 8 na 14 zinatoa sifuri kamili, eneo la pembetatu iliyolala.

Kanuni ya kosini nayo hulalamika kwa lugha yake. Kwa pande zilezile za 5, 7 na 13, kosini ya pembe inayoukabili upande wa 13 inakuwa −95 kugawanya kwa 70, ambayo imeshuka chini ya −1, na hakuna pembe yenye kosini ya namna hiyo. Kwa hiyo kikokotoo kinapoonyesha kosa katika swali la pembetatu, kabla ya kurudia kubonyeza, zile pande mbili fupi zijumlishwe. Huenda mwanafunzi amenakili namba vibaya kutoka kwenye swali, na hilo hutokea kuliko watu wanavyokiri.

Tahadhari nyingine ni ya wale wanaopenda kuainisha pembetatu kwa miraba ya pande. Njia ni nzuri: 4, 5 na 6 zina pembe zote kali, kwa kuwa 16 na 25 ni 41 na inaizidi 36; nazo 4, 5 na 7 zina pembe butu, kwa kuwa 41 haiifikii 49. Sasa mpe mwanafunzi huyo 4, 5 na 10. Atapata 41 dhidi ya 100 na atatangaza pembe butu, tena butu sana, ya pembetatu ambayo haikuzaliwa. Njia ya miraba haiulizi kama pembetatu ipo, inaamini imeshaulizwa.

Maswali ya umbali yana sheria tofauti kidogo, na tofauti hiyo huwakwaza hata walimu. Chukua safari inayojulikana na kila mkazi wa Machakos. Kutoka Nairobi hadi Machakos kwa barabara ni takriban kilomita 64. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 55 hivi. Matatu hufuata barabara ya Mombasa, zikapita Athi River, zikafika Kyumvi, kisha zikakunja kushoto kuelekea mjini, na kukunja huko ndiko kunakoongeza kilomita. Wasafiri wa Machakos wanalipa gharama ya pande mbili.

Swali la mtihani likisema mji A uko kilomita 20 kutoka B, na B iko kilomita 12 kutoka C, na likauliza A na C zinaweza kuwa mbali kiasi gani, jibu ni kuanzia 8 hadi 32, na safari hii 8 na 32 zenyewe zinaruhusiwa. Miji mitatu inaweza kukaa kwenye mstari mmoja. Hakuna aliyesema inaunda pembetatu. Neno “pembetatu” likiwemo katika swali, mipaka inaachwa nje. Lisipokuwemo, mipaka huingia. Wanaosoma swali mara moja tu hukosa hapa.

Wanaotaka zoezi gumu zaidi wajaribu umbo la pande nne. AB ni 6, BC ni 10, CD ni 4 na DA ni 5. Mstari wa AC unaoligawa umbo katikati unaweza kuwa na urefu gani? Siri ni kuona kwamba AC ni upande wa pembetatu mbili kwa wakati mmoja. Pembetatu ABC inataka AC iwe kati ya 4 na 16. Pembetatu ACD inaitaka kati ya 1 na 9. Inayoziridhisha zote mbili iko kati ya 4 na 9, na kwa namba kamili ni 5, 6, 7 au 8. Ni swali la kupimia uelewa, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kukariri.

Mchoro uliopo kwenye karatasi usiaminiwe kupita kiasi. Mara nyingi haukuchorwa kwa vipimo, na upande unaoonekana mrefu huenda ndio mfupi. Kinachoaminika ni uhusiano wa pande na pembe: upande mrefu huikabili pembe kubwa, na mfupi huikabili ndogo. Pembetatu ikiwa na pembe za nyuzi 50, 60 na 70, upande unaoikabili ile ya 70 ndio mrefu, hata kama mchoraji aliuchora mfupi.

Kwa wazazi, jambo hili halihitaji kitabu wala mwalimu wa ziada. Somo hutahiniwa kwa Kiingereza, lakini vijiti vya kiberiti havina lugha, na mama au babu anaweza kuuliza kwa Kikamba au Kiswahili. Mtoto apewe vijiti 12 na aambiwe aunde pembetatu kwa vyote, bila kukata hata kimoja, kisha ahesabu zinawezekana za aina ngapi. Atapata tatu: 4, 4 na 4; 3, 4 na 5; na 2, 5 na 5. Akijaribu upande wa vijiti 6 atagundua mwenyewe kwamba sita vilivyobaki vinalala juu yake. Hiyo ndiyo njia ya mkato ya maswali ya mzingo: hakuna upande unaoweza kufika nusu ya mzingo.

Kisha aondolewe kijiti kimoja. Kwa akili ya kawaida vijiti 11 vingeunda pembetatu chache zaidi kuliko 12. Lakini vinaunda nne: 1, 5 na 5; 2, 4 na 5; 3, 3 na 5; na 3, 4 na 4. Vijiti 4 haviundi hata moja, ilhali 3 vinaunda moja. Sababu ni ile nusu. Mzingo wa 12 unakataza upande wa 6, hivyo mrefu kabisa ni 5. Mzingo wa 11 nao unaishia 5, kwa kuwa nusu yake ni 5 na kitu. Upande mrefu unaoruhusiwa ni uleule, lakini kwa vijiti 12 zile pande mbili zilizobaki lazima zigawane 7, na kwa 11 zinagawana 6. Hakuna upande wa kuizidi 5, hivyo 7 inagawanyika kwa namna mbili tu, 2 na 5 au 3 na 4, wakati 6 inagawanyika kwa namna tatu; juu ya hizo, kila idadi ina pembetatu moja tu ambayo upande wake mrefu ni 4. Mwanafunzi anayeweza kulieleza hilo kwa maneno yake mwenyewe, vijiti vikiwa mezani, hana haja tena ya kuikariri kanuni.